Kulisha Kondoo kwa Kufuata Mimba na Mvua

Kondoo wa nchi za baridi kama Uingereza husubiri siku zianze kufupika ndipo majike wapate joto, kwa hiyo huko jua ndilo linalompangia mfugaji msimu wa kuzalisha. Kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na kondoo jike mwenye afya anaweza kupata joto katika mwezi wowote. Kinachomzuia zaidi ni njaa. Jike aliyekonda huacha kupata joto, au hupata joto bila kushika mimba, au hushika mimba inayopotea mapema kiasi kwamba mfugaji hajui kama iliwahi kuwapo. Ndiyo maana katika wilaya za Longido na Monduli, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, na vilevile katika mikoa ya kati ya Tanzania kama Singida na Dodoma, wingi wa wanakondoo wanaozaliwa huandamana na hali ya malisho ya miezi mitano au sita iliyotangulia.

Mwongozo huu unamhusu mfugaji anayetegemea malisho ya asili, mwenye uwezo wa kununua au kuhifadhi chakula kidogo tu cha ziada. Ninashikilia kwamba chakula hicho kidogo kisigawiwe kundi zima sawasawa kwa mwaka mzima, kwa sababu kikigawiwa hivyo hakuna anayekiona faida yake. Kiwekwe kwenye vipindi vitatu vifupi: majuma machache kabla ya kupandisha, majuma sita ya mwisho wa mimba, na majuma sita ya kwanza ya kunyonyesha. Nje ya vipindi hivyo, kondoo mzima anaweza kuishi kwa nyasi, maji, chumvi na uchungaji mzuri.

Kupima hali ya mwili kwa mkono

Kabla ya kuamua nani alishwe nini, ni lazima kujua nani amekonda, na kwa kondoo macho hudanganya. Kondoo wa Persia mwenye kichwa cheusi hubeba mafuta kwenye kitako, kondoo mwekundu wa Kimaasai huyabeba kwenye mkia na kitako, na jike mwenye mimba kubwa huonekana mnene kwa sababu ya tumbo ilhali mgongo wake umebaki mfupa. Mkono hausemi uongo.

Msimamishe kondoo kando ya ukuta wa zizi, atulie bila kubanwa, kwa sababu akikaza misuli vidole havisomi kitu. Weka kiganja juu ya kiuno, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho, dole gumba likiwa upande mmoja wa uti wa mgongo na vidole vingine upande wa pili. Utahisi vitu viwili: ncha za pingili zinazosimama katikati ya mgongo, na ncha za mifupa myembamba inayotoka pembeni kama vipande vya ubao. Zikiwa kali, na vidole vinaingia chini ya mifupa ya pembeni bila kizuizi, huyo ana alama 1, yaani amedhoofika. Zikisikika wazi lakini zimezibwa kidogo na nyama, ni alama 2. Ukilazimika kubonyeza ili kuzipata, na misuli ya pande zote imejaa, ni alama 3. Zikisikika kwa shida sana ni alama 4, na zisiposikika kabisa ni alama 5, ambayo kwa kondoo wa malisho ya asili ni nadra kuikuta.

Lengo wakati wa kupandisha ni jike kuwa kati ya alama mbili na nusu na tatu. Kupanda kwa alama moja nzima huhitaji majuma sita hadi nane ya kula vizuri, kwa hiyo upimaji wa kwanza ufanyike mapema kiasi hicho kabla ya dume kuingizwa, si siku ya kumwingiza. Pima tena mimba ikiwa na miezi mitatu, kisha wakati wa kuachisha kunyonya. Waliopata alama chini ya mbili watiwe rangi kichwani na watengwe wachungwe kwenye nyasi bora zaidi ulizonazo, hata kama ni sehemu ndogo.

Kuchagua mwezi wa kupandisha

Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 150. Hesabu hii moja humpa mfugaji uwezo mkubwa, mradi awe na njia ya kumzuia dume. Wamaasai wanayo njia hiyo tangu zamani: kipande cha ngozi, siku hizi hata cha plastiki, kinachofungwa tumboni kwa dume mbele ya uume ili asiweze kupanda, nacho huitwa olor. Ni kifaa rahisi kinachomruhusu dume kuchungwa na kundi lote bila kuhitaji zizi wala mchungaji wa pili, na inasikitisha kuona baadhi ya vijana wakikiacha, kisha wanakondoo wanazaliwa katikati ya kiangazi.

Katika maeneo yenye vuli na masika, kuna nafasi mbili. Ya kwanza ni kupandisha mwishoni mwa Juni na Julai, majike wakiwa wametoka kula masika na miili yao imejaa bila gharama yoyote. Jike aliyepandwa tarehe 20 Juni huzaa karibu na tarehe 17 Novemba, vuli ikiwa imeanza, na mwanakondoo huachishwa kunyonya kabla ya masika. Tatizo la nafasi hii ni kwamba miezi ya mwisho ya mimba huangukia Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekuwa makapi. Nafasi ya pili ni kupandisha mwanzoni mwa Desemba baada ya vuli, ambapo jike aliyepandwa tarehe 1 Desemba huzaa mwishoni mwa Aprili. Maziwa huwa mengi kwa sababu nyasi ni nyingi, lakini mwanakondoo huzaliwa kwenye matope, baridi na mvua, mapafu yake yakiwa hatarini na minyoo ikiwa katika kilele chake.

Kati ya hizo mbili ninapendelea ya kwanza kwa nyanda kavu, kwa sababu upungufu wa Septemba na Oktoba unaweza kuzibwa kwa chakula kilichohifadhiwa, ilhali mvua ya Aprili haiwezi kuzuiwa. Mfugaji wa Singida na Dodoma, mwenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, apandishe Julai hadi katikati ya Agosti ili uzazi uanguke Desemba na Januari.

Kipindi cha dume kuwa wazi kiwe kifupi. Jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi, kwa hiyo siku 51 zinampa nafasi tatu. Asiyeshika katika nafasi tatu, ilhali mwili wake ni mzuri na dume ni mzima, hana sababu ya kulishwa mwaka mwingine. Uzazi uliokusanyika pamoja hurahisisha kila kinachofuata, kwa maana majike wote wanahitaji chakula cha ziada kwa wakati mmoja na wanakondoo wote hulingana umri.

Majuma ya kabla ya kupandisha

Jike anayeanza kula vizuri zaidi majuma mawili hadi matatu kabla ya kupandwa hutoa mayai mengi zaidi na hupata joto kwa uwazi. Ongezeko hili humsaidia zaidi yule wa alama ya mbili au mbili na nusu. Aliyekwisha kunenepa halimwongezei kitu. Gramu 250 hadi 300 za mahindi yaliyobarazwa, au pumba zilizochanganywa na mashudu, kwa kila jike kwa siku, zinatosha, na ziendelee majuma mengine mawili baada ya dume kuingia. Asiye na uwezo wa kununua aliache eneo moja la nyasi bila kulishiwa mapema, kisha aliingize kundi hapo katika majuma hayo. Hifadhi za malisho karibu na boma, ambazo Wamaasai huziita olopololi au alalili na Wasukuma huziita ngitili, hufaa sana kwa kazi hii iwapo jamii imekubaliana kwamba kondoo wanaozalishwa nao wana haki ndani yake pamoja na ndama.

Wengine huuliza kama lengo ni mapacha. Kwa kundi linaloishi kwenye malisho makavu, sidhani. Kondoo wetu wengi huzaa mmoja, na jike anayelea pacha kwenye nyasi duni mara nyingi huishia kumkuza mmoja dhaifu na kumpoteza mwingine. Faida ya kweli ya lishe ya wakati huu ni kwamba majike karibu wote hushika mimba na kwa muda mfupi.

Dume husahaulika, na hilo ni kosa kubwa kwa sababu dume mmoja anabeba mimba za majike 25 hadi 30. Mbegu zake huchukua karibu majuma saba hadi nane kutengenezwa, maana yake mbegu atakazotumia mwishoni mwa Juni zilianza kuundwa mwishoni mwa Aprili. Dume aliyeugua homa, aliyekonda au aliyeshinda kwenye jua kali katika majuma hayo anaweza kupanda kwa bidii bila kuzalisha. Aanze kuongezewa chakula miezi miwili kabla, nusu kilo kwa siku ikitosha, apewe kivuli, kwato zikatwe, na korodani zishikwe: ziwe kubwa, ngumu kiasi, zinazolingana na zisizo na uvimbe.

Majike machanga wasiozaa wasipandishwe kwa kuangalia umri. Waangaliwe uzito, wafikie angalau theluthi mbili za uzito wa mama zao. Kwa kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye jike mzima mara nyingi huwa na kilo 30 hadi 35, hiyo ni kilo 20 hadi 23. Anayepandwa akiwa mdogo zaidi hugawana chakula na mimba, akadumaa yeye na mtoto wake.

Miezi mitano ya mimba

Mwezi wa kwanza hauhitaji chakula kingi, unahitaji utulivu. Kiini bado hakijajishikiza vizuri, hivyo safari ndefu, kuogeshwa kwa purukushani na mabadiliko ya ghafla ya chakula, iwe ni kupunjwa au kulishwa kupita kiasi, huongeza upotevu. Kuanzia mwezi wa pili hadi mwisho wa mwezi wa tatu kondo la nyuma ndilo linalokua, na ukubwa wake ndio utakaoamua kiasi cha chakula kitakachomfikia mtoto baadaye. Nyasi za kawaida hutosha mradi jike asiporomoke mwili.

Majuma sita ya mwisho ndiyo yanayostahili magunia yako. Takriban asilimia 70 ya uzito wa mwanakondoo atakaozaliwa nao huongezeka katika majuma hayo, kiwele nacho kinajengwa, na wakati huohuo tumbo la uzazi linaisukuma rumeni, yaani tumbo kuu la kucheulia, ikabaki na nafasi ndogo. Jike anahitaji zaidi lakini anaweza kula kidogo. Ukimjaza mabua makavu ambayo hukaa tumboni muda mrefu, atashiba na huku ana njaa. Zaidi ya hapo, nyasi za kiangazi mara nyingi huwa na protini ya asilimia 3 hadi 5 tu, ilhali vijidudu vya rumeni vinahitaji angalau asilimia 7 ili viweze kumeng'enya nyasi hizo. Ndiyo sababu konzi mbili za mashudu huleta mabadiliko makubwa kuliko uzito wake: zinamlisha kondoo, na zinavilisha vijidudu vinavyomwezesha kutumia nyasi kavu zilizopo.

Mchanganyiko rahisi wa kilo 100 ni kilo 70 za pumba za mahindi, 27 za mashudu ya alizeti, 1 ya chokaa ya mifugo, 1 ya madini ya kondoo na 1 ya chumvi. Singida mashudu ya alizeti hupatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukamua mafuta, na wenye pamba wanaweza kutumia mashudu yake. Jike mwenye mimba kubwa apewe gramu 300 hadi 400 kwa siku. Anza na konzi moja na kuongeza polepole kwa siku 10 hadi 14, kwa sababu kondoo anayekula nafaka nyingi ghafla hupata asidi tumboni na kufa. Nafasi ya kihori iwe sentimita 30 hadi 40 kwa kila mmoja, la sivyo wenye nguvu watakula sehemu ya wale uliokusudia kuwasaidia.

Asiye na mashudu anaweza kutumia maganda ya mgunga. Yanapodondoka yaokotwe, yakaushwe na kuwekwa kwenye magunia mahali pakavu, kisha yapondwe kabla ya kulishwa ili mbegu zake ngumu zisipite bila kumeng'enywa. Majani ya mti wa malisho uitwao lukina yaliyokaushwa kivulini ni chakula chenye protini nyingi, lakini yasizidi theluthi moja ya chakula chote cha siku kwa kuwa yana sumu inayodhuru yakiliwa peke yake kwa muda mrefu.

Jike mwenye mimba kubwa, hasa ya pacha, akianza kubaki nyuma ya kundi, akasimama peke yake kama asiyeona, akasaga meno na kukataa kula, ametumia mafuta ya mwili wake haraka kuliko ini linavyoweza kuyahimili. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, na wakati unamsubiri mpe kinywani maji yenye sukari au gliserini. Akishalala chini wengi hawaamki. Ugonjwa huu huwapata waliokonda na walionenepa kupita kiasi, na hukaribishwa na kufungiwa bila chakula hata kwa siku moja, kama inavyotokea siku ya chanjo au ya mnada.

Maziwa na mwanakondoo

Mwanakondoo huzaliwa bila kinga ya maradhi, na kinga yote ya mwanzo huipata kwenye dang'a. Utumbo wake huruhusu kinga hiyo kupita kwa saa chache tu, na uwezo huo hupungua kila saa inayopita. Anyonye ndani ya saa mbili za kwanza ikiwezekana, asivuke saa sita. Katika siku ya kwanza apate dang'a isiyopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani mililita 250 kwa mwanakondoo wa kilo 2.5. Mtazame anaponyonya: akitikisa mkia kwa kasi, tumbo likajaa na mdomo ukawa na joto, amepata. Akijikunja mgongo na kulia huku mdomo ukiwa wa baridi, kamua mama yake umnyweshe.

Maziwa ya kondoo hufikia kilele katika juma la tatu au la nne, kisha hupungua. Katika majuma haya mama hula zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, hunywa maji mengi zaidi, na hata hivyo hupoteza mwili. Nyasi changa za mvua zikiwa zimeota, zinatosha. Zikichelewa, endelea na mchanganyiko ule kwa gramu 400 hadi 500, ukitanguliza wanaolea pacha na wanaozaa kwa mara ya kwanza. Nyumba zinazokamua kondoo zisubiri mwezi wa kwanza uishe, kwa kuwa maziwa ya mwezi huo hugeuka nyama ya mtoto kwa kiwango ambacho hakirudi tena.

Kuanzia juma la pili mwanakondoo huanza kudonoa nyasi, na kadiri anavyodonoa ndivyo rumeni yake inavyokua, ikaweza kufanya kazi vizuri kati ya juma la sita na la nane. Mtengenezee kona ndani ya zizi iliyozibwa kwa fito zenye nafasi ya sentimita 20 hivi, ambayo yeye atapita na mama yake hatapita, na humo umwekee hei laini, pumba zenye mashudu na maji safi. Hicho chakula kidogo humwondolea mshtuko wa kuachishwa kunyonya, ambako nashauri kufanyike kati ya miezi mitatu na minne, akiwa tayari anakula vya kutosha. Mama akiachwa anyonyeshe mpaka maziwa yakauke yenyewe, atachelewa kurudisha mwili, na msimu ujao utaanza vibaya.

Uchungaji, umande na minyoo

Hapa ndipo kazi ya miezi yote hupotea. Mnyoo hatari zaidi kwa kondoo wa nchi zetu ni ule wa tumbo la nne unaonyonya damu, ambao wataalamu huuita Haemonchus contortus. Jike mmoja wa mnyoo huo hutaga maelfu ya mayai kwa siku, mayai hutoka na kinyesi, na katika joto na unyevu huwa lava, yaani minyoo wachanga, wenye uwezo wa kuambukiza katika muda wa juma moja au chini yake. Lava hao hupanda kwenye jani kwa kufuata tone la maji, na wengi hubaki katika sentimita tano za chini. Kondoo ana mdomo unaokata nyasi karibu kabisa na udongo, tofauti na mbuzi anayependa majani ya vichaka, kwa hiyo malisho yaliyokwanguliwa humlisha minyoo pamoja na nyasi.

Kutokana na hayo, saa za kutoa kundi zisifanane mwaka mzima. Wakati wa mvua, subiri umande ukauke. Wakati wa kiangazi kikavu, ambapo lava wengi wamekufa kwa jua, toa kundi mapema kadiri usalama dhidi ya fisi na mbweha unavyoruhusu, kwa sababu kondoo huacha kula jua likiwa kali, na anayetoka saa tatu asubuhi kisha kurudi saa kumi hapati saa saba au nane za kula anazohitaji. Mfugaji anayeshika saa ileile kwa mwaka mzima hupoteza uzito kiangazi au hununua minyoo masika.

Mwenye uwezo wa kugawa malisho asikae sehemu moja zaidi ya siku nne au tano wakati wa mvua, aondoke nyasi zikiwa bado na sentimita saba hadi kumi, na airudie baada ya mwezi mmoja au zaidi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi lava huishi muda mrefu zaidi, hivyo mapumziko yawe marefu. Kupitisha ng'ombe kwenye eneo lililoliwa na kondoo ni jambo jema, kwa sababu minyoo mingi ya kondoo hufa ndani ya ng'ombe. Mbuzi hawasaidii, maana wanashiriki minyoo ileile. Nyasi bora zaidi, zile zilizopumzika, wapewe majike wanaonyonyesha na wanakondoo walioachishwa. Jike aliyezaa karibuni kinga yake hushuka na mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake huongezeka, na yeye ndiye anayewachafulia malisho watoto wake mwenyewe. Akilishwa protini ya kutosha kabla ya kuzaa, kushuka huko hupungua.

Kila baada ya majuma mawili wakati wa mvua, funua kope la chini la jicho. Likiwa jekundu au la waridi iliyokolea, mwache. Likipauka mpe dawa, na likiwa jeupe mpe dawa na chakula bora papo hapo. Uvimbe laini chini ya taya ni dalili ya damu iliyokwisha kupungua sana. Kunywesha kundi zima dawa ileile kila mwezi huwaacha hai minyoo sugu peke yake, na dawa hiyo huja kushindwa.

Aina ya kondoo nayo ina uzito katika jambo hili. Dorper, aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Persia mwenye kichwa cheusi, hukua haraka na kupata bei nzuri sokoni, lakini anadai chakula na dawa. Watafiti walipomlinganisha na kondoo mwekundu wa Kimaasai huko Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, wanakondoo wekundu walihimili minyoo vizuri zaidi na walikufa wachache. Mwenye malisho mabichi ya uhakika anaweza kufuga Dorper. Mwenye malisho ya kubahatisha abaki na majike wekundu, na kama anataka nyama zaidi atumie dume wa Dorper kwa watoto watakaouzwa, akihifadhi kando majike wekundu halisi wa kurithi kundi.

Maji, chumvi na madini

Jike wa kawaida hunywa lita tatu hadi sita kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Kondoo wa asili huvumilia kunywa siku moja na kuruka inayofuata, lakini maziwa hupungua kimyakimya. Jiwe la chumvi liwepo zizini daima. Katika sehemu za Nakuru, enzi ya ukoloni, ng'ombe na kondoo walikuwa wakikonda katikati ya nyasi nyingi, hali iliyopewa hata jina la Nakuruitis, kabla ya kugundulika kwamba udongo ulikosa kobalti, madini ambayo vijidudu vya rumeni huyatumia kutengeneza vitamini B12. Mwanakondoo anayedumaa bila kuwa na minyoo, macho yakitoa machozi na manyoya yakikosa nuru, achunguzwe kwa hilo. Usiwape kondoo madini ya ng'ombe wala chakula cha nguruwe, kwa sababu shaba inayofaa kwa wanyama hao humuua kondoo polepole.

Baada ya kuachishwa, na ukame ukija

Wanakondoo walioachishwa wakue bila kusimama. Madume wa kuuza wanaweza kunenepeshwa kwa hei na mchanganyiko wa pumba na mashudu kwa miezi miwili hadi mitatu, chokaa isikosekane, kwa sababu pumba nyingi bila chokaa huziba njia ya mkojo ya dume. Anayelenga soko la Idi el-Hajj akumbuke kwamba sikukuu hiyo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo ratiba ya mwaka jana haifai mwaka huu. Wafugaji wa mikoa ya kati wanaoingiza kundi kwenye mabua baada ya mavuno wachelewe siku kadhaa kama kuna nafaka nyingi iliyodondoka, na wasiruhusu kabisa kondoo kula machipukizi mabichi ya mtama, yenye sumu inayoua kwa dakika chache.

Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini humo, ulionyesha kwamba wanaochelewa kuuza huuza ngozi. Mvua ikikosa kufika katika majuma ambayo ilipaswa kufika, dume afungwe olor mara moja. Kwanza wauzwe madume waliohasiwa na madume wa ziada, kisha majike wazee wenye meno yaliyoisha na wale waliokosa mimba, wote wakiwa bado na nyama mgongoni. Chakula kilichohifadhiwa kibaki kwa majike vijana wenye mimba na kwa dume mmoja au wawili bora, kikipimwa kwa kipimo kilekile kila jioni, na iwapo gunia la mwisho litafunguliwa kabla ya wingu kuonekana, majike wenye pacha tumboni wauzwe kwa jirani mwenye malisho kuliko kusubiri walale zizini.